Ng'ombe wa Tennessee na Alama za Mwanafunzi: Historia Fupi ya Kupima Ukuaji

Msomaji, chukua shule mbili za msingi ambazo nazibuni kwa ajili ya mfano tu. Ya kwanza iko mjini. Watoto wake huingia darasa la nne wakiwa tayari wanasoma magazeti ya wazazi wao. Ya pili iko ng'ambo ya mto, na watoto wake huingia darasa hilohilo wakitambua silabi na maneno machache. Mwaka unapokwisha wote hupewa mtihani mmoja, siku moja, kwa saa zilezile. Wa mjini wanapata wastani wa alama 72, wa ng'ambo 41. Kila mtu anajua gazeti litaandika nini kesho yake. Lakini ikiwa mwaka uliotangulia, kwa mizani ileile, wa mjini walikuwa na 71 na wa ng'ambo walikuwa na 25, swali linageuka kabisa. Ni shule ipi iliyofundisha?

Swali la kwanza ni la kiwango: mtoto amefika wapi? La pili ni la ukuaji: ametoka wapi hata akafika hapo? Kiswahili kina neno zuri kwa jambo hili la pili, nalo ni maendeleo, kutoka kitenzi kuendelea, ambacho hakina maana pasipo mahali pa kuanzia. Ajabu ni kwamba ripoti nyingi za shule katika nchi zinazotumia Kiswahili hubeba kichwa cha maandishi "Maendeleo ya Mwanafunzi", kisha chini yake zikaorodhesha alama za muhula mmoja tu. Kiwango kimo, maendeleo hayamo.

Nataka nikusimulie jinsi serikali zilivyojaribu kulijibu swali la pili kwa mitihani sanifu, yaani mitihani ambayo maswali yake, muda wake na usahihishaji wake ni mmoja kwa watahiniwa wote. Sehemu kubwa ya simulizi iko Marekani, katika jimbo la Tennessee, lakini mzizi wake ni mkongwe zaidi.

Mwaka 1862 serikali ya Uingereza, kwa mkono wa Robert Lowe aliyesimamia elimu, ilitunga utaratibu wa kulipa shule kwa matokeo. Mkaguzi alikuja mara moja kwa mwaka, akawapima watoto mmoja mmoja katika kusoma, kuandika na hesabu. Mtoto aliyehudhuria vya kutosha na kufaulu masomo yote matatu aliiletea shule shilingi 8. Kila somo aliloshindwa lilipunguza shilingi 2 na peni 8. Watoto walipangwa katika ngazi sita zilizoitwa standadi, na neno hilo ndilo lililovuka bahari likaja kuyataja madarasa ya shule za msingi huku kwetu, hata leo utamsikia mzee wa Kenya au Tanzania akisema alisoma hadi standadi ya nne. Miongoni mwa wakaguzi alikuwamo Matthew Arnold, mshairi mashuhuri, ambaye aliupinga mfumo huo waziwazi kwa sababu aliona ufundishaji ukigeuka kazi ya mashine: watoto walikariri kitabu cha kusomea hata wakaweza kukisoma bila kukitazama. Mfumo ulianza kuvunjwa mwaka 1890 na karne haikwisha kabla haujaondoka kabisa.

Lowe alipima kiwango. Shule ya watoto waliotoka nyumba zenye vitabu na shule ya watoto wa wachimba makaa zilipimwa kwa kipimo kimoja na kulipwa kwa kipimo kimoja. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja kabla mtu hajaleta hesabu ya kutenganisha kile ambacho mtoto alikuja nacho na kile alichoongezewa. Mtu huyo hakuwa mwalimu wa shule wala mwanasaikolojia. Alitoka upande wa mifugo.

William Sanders alizaliwa mwaka 1942, akalelewa katika shamba la ng'ombe wa maziwa, akasomea takwimu za viumbe na urithi wa sifa, kisha akafanya kazi katika Chuo Kikuu cha Tennessee kilichoko Knoxville, akiwa mtakwimu wa mambo ya kilimo. Ili uielewe kazi yake huna budi kukaa kidogo zizini pamoja nami. Mfugaji anataka kujua ni fahali yupi wa kuzalisha naye. Fahali hatoi maziwa, kwa hiyo hawezi kupimwa yeye mwenyewe. Hupimwa kwa maziwa ya mabinti zake. Lakini mabinti hao wametawanyika. Mmoja yuko kwenye malisho mazuri, mwingine kwenye ukame. Mmoja ana mchungaji hodari, mwingine amezaliwa na mama dhaifu. Ukilinganisha lita za maziwa peke yake, utamsifu fahali ambaye bahati yake ilikuwa mvua. Katikati ya karne ya 20, Charles Henderson wa Chuo Kikuu cha Cornell alitengeneza milinganyo ya kuchambua mambo hayo yote kwa pamoja, ili sehemu ya fahali itengwe na sehemu ya malisho na sehemu ya mama. Nadhani wafugaji wa Ankole wangeielewa hesabu hii upesi kuliko sisi walimu.

Sanders aliona kwamba shule ina sura ileile. Mwalimu, kama fahali, hafanyi mtihani. Hufanyiwa na wanafunzi wake. Wanafunzi wametoka nyumba tofauti na mikono ya walimu tofauti. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Lamar Alexander alipokuwa gavana wa Tennessee, jimbo lilikuwa likibishana kuhusu kuwalipa walimu kwa kadiri ya ubora wao, na hoja kubwa ilikuwa kwamba alama za wanafunzi haziwezi kutumiwa kwa haki. Sanders alisema zinaweza. Yeye na mwenzake Robert McLean walichukua alama za watoto wa wilaya ya Knox, wakazipitisha katika milinganyo yao, na mwaka 1984 wakaeleza matokeo yao katika andiko la kitaaluma. Kwa miaka kadhaa hakuna aliyelijali sana.

Wazo lenyewe lilikuwa hili. Usimlinganishe mtoto na jirani yake. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa mwaka jana na mwaka juzi. Ikiwa alama zake za miaka iliyopita katika masomo yote zimetunzwa, basi umaskini wa nyumba yao, elimu ya wazazi wake na vipaji vyake vimekwisha kujitokeza ndani ya alama hizo. Kutoka hapo unakadiria angepata ngapi mwaka huu kama angefundishwa na mwalimu wa wastani. Tofauti kati ya kadirio hilo na alama aliyoipata kwa kweli, ikijumlishwa kwa darasa zima na kwa miaka kama mitatu, ndiyo sehemu inayohesabiwa kuwa ya mwalimu. Wachumi walikuwa na jina la kitu kama hicho katika viwanda, thamani iliyoongezwa, na jina hilo likahamia shuleni.

Mwaka 1992 bunge la Tennessee lilipitisha sheria kubwa ya kuboresha elimu, wakati ambapo shule ndogo za vijijini zilikuwa zimelishtaki jimbo kwa kutokugawa fedha sawasawa. Fedha ziliongezwa, na hesabu ya Sanders ikaingizwa katika sheria kuwa upande wa pili wa mapatano: tunawapa pesa, nanyi mtuonyeshe watoto wamesonga kiasi gani. Naomba uizingatie hali hiyo, kwa kuwa wasimulizi wengi huisahau. Kipimo cha ukuaji kilizaliwa pamoja na ongezeko la fedha kwa shule maskini, na kwa shule hizo kilikuwa na faida ya kweli: shule ya ng'ambo ya mto ilipata kwa mara ya kwanza hati rasmi ya kuonyesha kwamba inafanya kazi. Sheria hiyo pia iliifanya namba ya kila mwalimu kuwa siri yake na ya wakuu wake. Haikuwa ya gazeti.

Mwaka 1996 Sanders na June Rivers walitoa utafiti uliosomwa kote Marekani. Walidai kwamba watoto wawili walioanza sawa, mmoja akapata walimu hodari kwa miaka mitatu mfululizo na mwingine akapata walimu dhaifu, waliachana katika hesabu kwa takriban ngazi 50 kati ya 100. Unaweza kufikiri wanasiasa walivyoipokea habari hiyo. Kama mwalimu ana uzito mkubwa hivyo, basi huna haja ya kuushughulikia umaskini; mshughulikie mwalimu. Sijui kama Sanders alikusudia hitimisho hilo, lakini namba ikitoka mikononi mwa mtakwimu haimuulizi tena njia.

Mwaka 2000 Sanders alihamia kampuni ya SAS, katika mji wa Cary jimboni North Carolina, na mfumo wake ukawa bidhaa ya kuuzwa. Miaka miwili baadaye, Januari 2002, Rais George W. Bush alitia saini sheria ya elimu iliyotaka kila mtoto wa darasa la tatu hadi la nane apimwe kila mwaka katika kusoma na hesabu, na wote wafikie kiwango ifikapo mwaka 2014. Sheria hiyo iliirudisha nchi nzima kwenye kiwango, kama ya Lowe. Shule iliyomtoa mtoto kwenye 10 ikamfikisha 45, wakati mstari wa kufaulu ulikuwa 50, ilihesabiwa kuwa imeshindwa. Malalamiko yalikuwa mengi, na mwaka 2006 Tennessee na North Carolina zikawa majimbo ya kwanza kuruhusiwa kujaribu kuhesabu ukuaji pia.

Kisha ikaja mwaka 2010, na hapa mambo yalikwenda kasi kuliko hekima. Serikali ya Rais Obama ilikuwa imetangaza shindano la fedha kwa majimbo. Tennessee na Delaware zilishinda kwanza, na Tennessee ikapewa takriban dola milioni 500. Sehemu ya ahadi yake ilikuwa kwamba asilimia 35 ya tathmini ya mwalimu itokane na ukuaji wa alama. Je, mwalimu wa muziki, wa sanaa, wa michezo, ambaye somo lake halina mtihani wa jimbo? Wengi wao walipewa alama ya shule nzima. Mwalimu wa kuchora akahukumiwa kwa hesabu za watoto ambao pengine hakuwahi kuwafundisha. Hakuna mfugaji duniani ambaye angempima fahali kwa maziwa ya mabinti wa fahali mwingine.

Agosti mwaka huohuo gazeti la Los Angeles Times lilichapisha majina ya walimu wapatao 6,000 wa shule za msingi, kila mmoja na daraja lake, kwa hesabu ambayo gazeti lenyewe liliiagiza kwa mtaalamu. Kile ambacho Tennessee ilikiweka ndani ya bahasha mwaka 1992 kilibandikwa hadharani.

Na hapa ndipo mfano wa ng'ombe unapovunjika. Fahali hajui kwamba anapimwa. Mwalimu anajua. Mkuu wa shule anajua, na mkurugenzi wa wilaya anajua kwamba mkuu anajua. Huko Atlanta, wachunguzi wa jimbo la Georgia walitoa ripoti mwaka 2011 kuhusu mtihani wa mwaka 2009: katika shule 56 walizozichunguza walikuta udanganyifu katika 44, na walimu na viongozi 178 walitajwa. Watu wazima walikuwa wamefuta majibu ya watoto na kuandika mengine. Mwaka 2015 mahakama iliwatia hatiani 11 kati yao. Mtoto aliyefutiwa jibu lake hakujua kwamba anahitaji msaada, kwa sababu karatasi ilisema anaweza.

Watakwimu wenyewe walianza kujitenga. Mwaka 2014 Chama cha Takwimu cha Marekani kilitoa tamko lililosema kwamba katika tafiti nyingi, mwalimu huhusika na kati ya asilimia 1 na 14 ya tofauti zote zinazoonekana katika alama za wanafunzi. Usiisome namba hiyo vibaya, kama wengi walivyofanya. Haisemi kwamba mwalimu si kitu. Inasema kwamba ukizitandaza alama za watoto wote mezani ukauliza kwa nini hazilingani, sehemu kubwa ya jibu iko nje ya tofauti kati ya mwalimu mmoja na mwingine. Lakini kumfukuza mtu kazi kwa kipande hicho kidogo, huku kikitikiswa na bahati ya mwaka mmoja na darasa la watoto 25, ni jambo linalohitaji ujasiri ambao hesabu haiutoi.

Houston, jimboni Texas, walikuwa nao ujasiri huo. Wilaya ya shule ilinunua mfumo wa SAS, ikautumia kwanza kutoa marupurupu na baadaye kuamua nani aendelee na kazi. Walimu walipoomba kuona jinsi alama zao zilivyopatikana, waliambiwa kwamba fomula na programu yake ni siri ya biashara ya kampuni. Chama chao kilikwenda mahakamani. Mwezi wa Mei 2017 jaji wa shirikisho aliamua kwamba kesi yao ina msingi wa kuendelea, kwa kuwa mwalimu hakuwa na njia yoyote ya kuhakiki namba ambayo ingemnyima kazi; kosa dogo la kuingiza data lingeweza kumharibia maisha na asijue kamwe. Oktoba mwaka huo wilaya ilipatana na walimu: haitamwachisha mtu kazi kwa alama isiyoweza kuhakikiwa. Sanders alikuwa amefariki mwezi wa Machi. Sheria ya elimu ya mwaka 2015 ilikuwa imekwisha kuyaondolea majimbo shinikizo la Washington, na mengi yamepunguza uzito wa namba hizo. Tennessee bado inazitumia.

Sasa rudi nyumbani, msomaji, maana wazo hili limefika Afrika Mashariki, ingawa kwa mlango mwingine. Tangu 2009 mpango wa Uwezo umekuwa ukiwapima watoto majumbani katika Kenya, Tanzania na Uganda kwa maswali ya kiwango cha darasa la pili, na umetuonyesha mambo ya kuhuzunisha. Lakini Uwezo ni picha ya mnato: watoto wa mwaka huu si walewale wa mwaka ujao. Nchini Tanzania, mwaka 2015 na 2016, shirika la Twaweza na watafiti walifanya jaribio katika shule za msingi 180 za serikali, katika madarasa matatu ya kwanza. Kundi moja la walimu lililipwa kwa kila stadi ambayo mtoto aliimudu: silabi, neno, sentensi, aya. Kundi la pili lililipwa kwa ukuaji: watoto walioanza sawa walishindanishwa wao kwa wao, ili mwalimu wa watoto dhaifu asionewe. Kundi la tatu halikulipwa nyongeza. Kwa karatasi, njia ya ukuaji ndiyo ya haki zaidi, nami ningeiwekea dau. Makundi yote mawili yaliyolipwa yaliongeza ujifunzaji, lakini ile njia rahisi ya stadi haikushindwa na njia ya ukuaji. Ilifanya vizuri sawa nayo au zaidi kidogo. Mwalimu aliyeambiwa "mtoto asome aya hii" alijua la kufanya Jumatatu asubuhi. Aliyeambiwa kwamba mtoto wake atalinganishwa na watoto asiowajua, katika shule asizozijua, hakuwa na pa kuanzia.

Hapa Uganda jaribio kama hilo la ukuaji lilifanywa katika hesabu za darasa la sita vijijini. Watoto wachache zaidi waliacha shule. Alama zilipanda pia, lakini katika shule zilizokuwa na vitabu vya hesabu. Pasipo vitabu, fedha kwa mwalimu hazikuzaa alama.

Kenya ilikuwa karibu zaidi na hesabu ya Tennessee kuliko sisi wengine, kwa sababu ilikuwa na namba mbili za mtoto mmoja: alama zake za KCPE kati ya 500 alipomaliza msingi, na gredi yake ya KCSE baada ya miaka minne ya sekondari. Ndiyo maana katika matangazo ya matokeo huko utasikia shule za wilayani zikisifiwa kwa thamani waliyoiongeza, na baadhi ya shule kubwa za kitaifa zikinyamaza. Lakini KCPE, iliyoanza 1985, ilifanywa kwa mara ya mwisho 2023. Waliofanya mtihani huo wa mwisho wataandika KCSE mwaka 2027, na baada yao namba ya kuanzia itakuwa ya aina nyingine.

Kwetu nako mizani imebadilika mkononi. Mtihani wa PLE hutoa jumla kati ya 4 na 36, ambapo 4 ndiyo bora, kwa masomo manne ambayo Kiswahili, ninachokifundisha, hakimo. Fikiria kundi la kwanza la mtaala mpya wa sekondari. Walifanya PLE mwaka 2019 wakapata jumla hizo. Wakaingia kidato cha kwanza mwanzoni mwa 2020. Mwezi wa Machi shule zikafungwa kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Mwaka 2024 wakafanya UCE mpya, iliyotolewa kwa herufi A hadi E, asilimia 20 ikitokana na kazi za darasani. Mwalimu wao akitaka kujua wamekua kiasi gani, ana namba upande mmoja, herufi upande wa pili, na katikati karibu miaka miwili ambamo wengi wao hawakuwa na mwalimu yeyote wa kuhesabiwa.